Wageni Kumi na Wawili wa Shangazi Naetwe

Wenzangu huota usiku, kama watu. Mimi jana niliota saa sita na nusu mchana, kwenye meza ya maktaba ya chuo, shavu langu likiwa juu ya mchoro wa fuvu la kichwa, na nilikuwa nimebakiza saa moja na nusu tu niingie kwenye mtihani wa kunibakiza au kunifukuza.

Nieleze kwanza habari ya huo mtihani, maana bila huo nisingelala vile. Jina langu Nakiete, mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili. Mwezi wa saba nilianguka somo la maumbile ya mwili. Chuoni anayeanguka hupewa mtihani wa marudio, sisi tunauita sapu, na anayeanguka sapu hana sapu nyingine. Anadisko. Kudisko maana yake unarudisha kitambulisho, unafunga godoro kwa kamba ya katani, unarudi kwenu na koti jeupe ambalo halina kazi tena. Kwetu ni Same, kule milimani, na kazi iliyoko huko naijua vizuri. Ni kulima tangawizi.

Sapu yenyewe ni ya ana kwa ana. Unakaa mbele ya Dokta Mwambene, naye anakuuliza mishipa ya fahamu ya kichwani. Iko kumi na miwili. Kila mmoja una namba, jina la Kilatini, tundu la kutokea kwenye fuvu, njia ya kupita, na kazi ya kufanya. Mara ya kwanza, kwenye mtihani ule wa mwezi wa saba, nilikwenda vizuri mpaka wa tisa. Wa kumi ndio ulionimaliza.

"Unapita wapi?" aliuliza Dokta.

"Unashuka," nikasema.

"Unashuka wapi?"

"Chini."

"Na tawi lake la kushoto, linalokwenda kwenye sauti. Linafikaje kooni?"

Nikasema linakwenda moja kwa moja, kwa sababu mtu yeyote mwenye akili timamu anayetoka kichwani kwenda kooni anakwenda moja kwa moja. Dokta akaandika neno fupi sana kwenye karatasi yake. Baadaye nikaambiwa kwamba tawi hilo linalipita koo, linashuka mpaka kifuani, linazunguka kitu, halafu ndiyo linarudi juu. Kitu gani, nimekisoma mara ishirini, na mara zote ishirini kimenitoka.

Masunga, mwenzangu wa Shinyanga, hajapata sapu hata siku moja, kwa hiyo ushauri anao wa kumwaga. Aliniona nazunguka bwenini nikikariri, akanihurumia.

"Ubongo haupendi maneno, Nakiete," aliniambia. "Unapenda picha. Tena picha za kichaa, za kutia aibu. Chagua nyumba unayoijua hata ukifumba macho. Kila mshipa ufanye mtu, umweke mahali pake humo ndani. Halafu uwe unapita kuwatembelea, asubuhi na jioni. Usipowatembelea, wataondoka."

Nikachagua nyumba ya shangazi Naetwe, iliyonilea. Jumapili nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikawapanga. Getini nikamweka mzee mwenye pua ya ukubwa wa papai, huyo ni wa kwanza, wa harufu. Barazani wa pili, mwenye miwani ya vioo vya dirisha. Wa tatu, wa nne na wa sita wote kazi yao ni kuzungusha jicho, nikawafanya ndugu watatu nikawalaza kitanda kimoja chumba cha wageni, na jicho lenyewe katikati yao. Jikoni nikamweka wa tano, mama mwenye misuko mitatu anayetafuna bila kupumzika. Wa saba sebuleni mbele ya kioo, anacheka na kulia. Wa nane redio yenye mguu mmoja. Wa tisa mezani, anameza. Wa kumi nikamsimamisha ukumbini, karibu na kabati. Wa kumi na moja mlango wa nyuma, mchukuzi wa mizigo. Wa kumi na mbili, ulimi mkubwa, nikauanika kwenye kamba ya nguo.

Nilijisifu sana. Jumatatu sikuwatembelea, nilikuwa na kazi ya figo. Jana ilikuwa Jumanne.

Basi niko Same. Jua limesimama utosini na mimi nimevaa koti jeupe, nimeshika kadi ya mtihani. Naenda getini kumwona wa kwanza, nianze safari yangu ya kuwapitia mmoja mmoja.

Getini hakuna mtu. Kwenye vumbi kuna alama ya pua tu, imeburutwa kuelekea ndani.

Barazani hakuna mtu. Miwani nayo haipo. Nainua mkono nigonge mlango.

"Unapiga hodi ya nini?" mlango unaniuliza.

"Nataka kuingia."

"Juzi uliingiza watu kumi na wawili hapa bila hodi. Mmoja alikuwa redio. Leo ndiyo unakumbuka adabu?"

Namwambia mlango kwamba nina mtihani saa nane. Mlango unasema kila mtu ana mambo yake, wenyewe una bawaba moja iliyolegea tangu mwaka juzi na hauendi kumlalamikia mtu. Tunavutana hivyo kwa muda, mimi na mlango, mpaka nausukuma kwa bega.

Ndani namkuta shangazi Naetwe amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Shangazi yangu ni mwanamke mfupi, hapendi kelele, na hajawahi kusema neno mara mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hawapo."

"Wamekwenda wapi?"

"Uliwaleta lini?"

"Jumapili."

"Leo siku ya ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Ya tatu."

"Basi umeshajijibu."

Nikageuka nikatazama nyuma ya mlango, kwenye ile misumari shangazi anapotundika majembe. Misumari yote mitupu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimelisikia neno hilo tangu sijaota meno, nimelikuta hata kwenye kanga, na nilipokuwa napanga wageni kwenye nyumba ya Mpare halikunijia hata kidogo. Masunga aliniambia habari za ubongo, hakuniambia habari za shangazi.

"Shangazi, wale si wageni wa kweli. Ni mishipa ya fahamu. Ni ya kukariri tu."

"Waliokunywa uji wangu ni wa kweli," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Yule wa tano ametafuna debe zima la mahindi makavu. Yule wa nane kila akisimama anaangukia masufuria, eti mizani imemkorofisha. Na yule uliyemwanika kwenye kamba, amewaeleza majirani habari zangu zote. Mimi nimewavumilia siku mbili."

"Lakini nina mtihani."

"Na mimi nina magugu."

Saa ya ukutani inakohoa, inasema ni saa saba kasorobo, na kwamba haisemi tena, mwenye masikio amesikia.

Nafungua mlango wa stoo nitafute njia ya mkato. Stoo ya shangazi haina mlango wa pili, haijawahi kuwa nao, lakini natoka upande wa pili na niko katikati ya shamba la tangawizi. Shamba limegawanywa ngwe kumi na mbili, kila mmoja na ngwe yake, kamba zimevutwa. Wageni wangu wameinama wanapalilia. Hakuna aliyeniangalia.

Nikapiga makofi. "Jamani, wote turudi ndani. Kila mtu mahali pake."

Jembe moja likasimama. Mzee wa pua ya papai akajinyoosha, akanigeukia polepole, kwa sababu ya uzito.

"Binti, unaingia shambani kwa watu wanaofanya kazi, husemi hata poleni na kazi?"

"Poleni na kazi."

"Hiyo umesema kwa jumla. Tuko kumi na wawili."

Nilitaka kulia. Imebaki saa moja na dakika chache, maisha yangu yote yanangoja kwenye kiti cha plastiki mbele ya Dokta Mwambene, na pua inanifundisha adabu. Lakini nilimwona jinsi alivyoshika jembe, nikajua hapa mwenye haraka ni mimi peke yangu.

"Pole na kazi, mzee wa kwanza."

"Nimeshapoa. Kazi yangu ni kunusa. Kule getini ulikoniweka hupita pikipiki mbili kwa siku, nanusa nini? Hapa kuna mbolea ya mbuzi, kuna tangawizi mbichi, na mvua ya keshokutwa. Nenda kwa mwenzangu."

Nikaenda. Wa pili aliniambia ameshapoa, kazi yake ni kuona, tena kuona tu, habari za kulizungusha jicho asiulizwe yeye, wako wenye kazi hiyo. Akaninyooshea kidole ngwe ya tatu.

Wale ndugu watatu walikuwa wamekasirika. Walikuwa na lile jicho, kubwa kuliko pipa, wanalivuta shambani kwa kamba.

"Kwa nini ulitulaza kitanda kimoja?" akauliza wa tatu.

"Kwa sababu kazi yenu ni moja."

"Moja? Hebu tazama. Mimi nina kamba nne na nafungua pia kope. Mdogo wangu wa nne ana kamba moja, nyembamba, imepita kwenye kapi, anavuta jicho litazame chini upande wa pua. Wa sita naye anavuta kwenda nje, basi, kitu kingine hajui. Ukitupanga tena, tupange kwa kazi."

"Pole na kazi," nikasema.

"Mara tatu," akasema wa sita, aliyekuwa akitazama pembeni.

Nikasema mara tatu.

Hivyo ndivyo nilivyozunguka lile shamba, koti jeupe limeshika matope hadi kiunoni. Mama wa misuko mitatu akaniambia msuko wa juu unahisi paji la uso, wa kati shavu, wa chini kidevu, na huo wa chini ndio unaotafuna, na akatema kokoto iliyokuwa mdomoni mwake. Wa saba akanielezea kazi yake ya kucheka na kulia huku anafanya vyote viwili, nisijue ananicheka au ananisikitikia. Redio ikasema inasikia na kusimama wima, ikaanguka. Wa tisa alikuwa anameza, akaninyooshea mkono nimngoje, nikamngoja dakika nzima, na alipomaliza akasema kazi yake ndiyo hiyo. Mchukuzi, wa kumi na moja, kila nilichomwuliza alipandisha mabega. Nikamwuliza kama kazi yake ni nzito, akapandisha mabega. Nikamwuliza kama hajui, akapandisha mabega tena, akageuza shingo akatazama kwingine. Nilipandwa na hasira, nikamgombeza, na nilikuwa nimeshamgombeza vya kutosha nilipokumbuka kwamba kazi ya wa kumi na moja ni kupandisha mabega na kugeuza shingo.

Ulimi ulikuwa ngwe ya mwisho, umelegea juu ya mpini. Ukaniambia nisiutegemee kwa kulima, wenyewe hauna mfupa, kila mtu anajua hivyo. Lakini ukasema kitu kimoja cha maana.

"Umemruka mmoja."

Nikageuka. Ngwe ya kumi haikuwa na mtu.

"Yuko wapi?"

"Yule?" ulimi ukasema. "Yule hakai. Wenyewe wa zamani walimpa jina la Kilatini, maana yake mzururaji. Wewe ulimwambia asimame karibu na kabati. Tulicheka sana."

Wenzake kumi na mmoja wananitazama, hata yule wa miwani. Kutoka mbali, upande wa mabondeni, nasikia jembe. Ti, ti, ti. Halafu linasikika upande mwingine kabisa.

Naanza kukimbia.

Namkuta amesimama kwenye mfereji, mtu mrefu mwembamba, shati lake linaburutika nyuma yake hatua nyingi, sioni mwisho wake. Jembe liko begani. Anatazama maji.

"Wewe ndiye wa kumi?"

"Ndiye."

"Pole na kazi. Nilikuweka ukumbini."

"Nilikaa," akasema. "Kidogo."

"Kwa nini uliondoka?"

"Kooni kuna mtu anataka kumeza na mwingine anataka kusema. Moyoni kuna mmoja anakwenda mbio, lazima aambiwe polepole. Tumboni kimeingia chakula. Ukumbini kulikuwa na nini?"

"Kabati."

"Kabati halihitaji mshipa."

Nikatoa kalamu. "Sikiliza. Huyu Dokta ataniuliza habari zako. Hataniuliza mwingine, najua, ataniuliza wewe. Niambie unapita wapi, niandike kwenye kiganja, basi, uende zako."

"Siwezi kusema."

"Kwa nini?"

"Mimi si maneno. Naweza kupita. Ukitaka, nifuate."

"Sina muda wa kukufuata. Nina dakika arobaini."

"Basi tusicheleweshane," akasema, akaanza kuondoka.

Nikamshika shati. Nikalivuta kwa mikono miwili na likaendelea kuja tu, lote, bila yeye kurudi hata hatua moja. Nilimwambia maneno mengi ambayo shangazi asingependa kuyasikia. Nilimwambia kwamba kwa sababu yake nimelala saa tatu kwa siku tangu mwezi wa saba, kwamba mama yangu amewaambia watu wote kanisani kuwa binti yake ni daktari, kwamba nikidisko nitalima tangawizi mpaka nizeeke, na mwenye kosa ni yeye.

Akafikiri.

"Tangawizi ni zao zuri," akasema. "Ni nzuri kwa tumbo."

Kisha akashuka bondeni akipalilia, anakwenda anakokujua yeye, na mimi nimebaki na kipande cha shati.

Nafuta machozi kwa kile kipande. Ninapoinua macho, mfereji umekuwa korido ya chuo. Sakafu ni ileile ya vigae vya kijivu, lakini tangawizi imeota katikati ya vigae. Mwisho wa korido Dokta Mwambene amekalia kinu, na karatasi yake iko juu ya goti. Kumi na mmoja wamejipanga ukutani na majembe yao, wametulia, wametawadha hata miguu.

"Wako wangapi?" anauliza Dokta.

"Kumi na mmoja."

"Nani hayupo?"

"Wa kumi."

"Yuko wapi?"

"Ameshuka."

"Ameshuka wapi?"

Nafungua mdomo na najua kabisa nitakachosema, na nakisema. "Chini."

Dokta anaandika neno fupi sana.

Hapo shangazi Naetwe anatokea kwenye mlango wa chumba cha mtihani, ameshika ungo mkono mmoja na jembe mkono mwingine. Haonekani kushangaa kuwa chuoni.

"Nakiete, wewe hapa uko mwaka wa ngapi?"

"Wa pili, shangazi. Nikifaulu leo naingia wa tatu."

"Wa tatu," akasema shangazi, akanipa jembe.

Nikalipokea, maana shangazi akikupa kitu hukiachi hewani. Lakini moyo uliniuma, tena uliniuma kweli. Tangu siku ya kwanza chuoni nimejiona mgeni. Watoto wa madaktari wanakaa mbele, wanayatamka yale majina ya Kilatini kama majina ya binamu zao, na mimi nyuma, nimekunja miguu, nangoja mtu aniulize nitaondoka lini. Sasa jembe lilikuwa mkononi mwangu na sikujua shangazi amenipa ili niende nikalime kwetu, au ili nianze kazi pale pale.

"Shangazi, hili la wapi?"

"Utaliona penye magugu," akasema.

Nikataka kumwuliza tena, ila shangazi hasemi neno mara mbili. Mpini ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Ukatetemeka kwa nguvu zaidi, ukaunguruma, nikaamka.

Simu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka, chini ya shavu langu, juu ya fuvu. Saa nane kasoro dakika nane. Maktaba nzima ilikuwa ikinitazama. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka mbio, na kwenye ngazi nikapokea bila kutazama ni nani.

"Nakiete."

Alikuwa shangazi. Shangazi hapigi simu mchana, anasema mchana ni wa kazi.

"Shikamoo, shangazi. Niko mbioni, naingia kwenye mtihani."

"Marahaba. Nina swali moja. Umenitumia vibarua?"

"Vibarua gani?"

"Mimi nimetoka gulioni sasa hivi, nakuta shamba la tangawizi limepaliliwa. Asubuhi niliacha magugu ya magotini. Ngwe kumi na mbili. Jirani anasema hakuona mtu."

Nikashika mkono wa ngazi. Nikamwambia sikutuma mtu, na ni kweli, sikuwatuma.

"Kumi na moja nzuri kabisa," akaendelea, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kukereka. "Hii moja sasa. Huyu aliyelima hii, kama alikuwa amelewa sijui. Haina mstari. Imekwenda mpaka chini kabisa, imeingia kwa jirani. Nitaanzaje kumweleza mtu?"

"Shangazi," nikasema polepole. "Imepitaje?"

"Imepitaje nini?"

"Hiyo ngwe. Nieleze ilivyopita. Tangu juu."

Akaguna. Lakini alikuwa na hasira nayo, na mwenye hasira huwa anapenda kueleza. "Imeanzia kwenye tundu la ua. Kwa nyayo, wametokea tundu moja watu watatu, huyu na wenzake wa huku na huku. Ikashuka katikati ya mfereji unaoleta maji na mfereji unaorudisha. Hapo sawa. Sasa huku kushoto ametoa kijia chembamba, kimeshuka bondeni kote, mpaka pale mfereji mkuu unapopinda. Kimepita chini ya hiyo kona, kimegeuka, kimerudi juu kilikotoka. Mtu anashuka bonde lote ili apande tena? Ana akili huyo?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya ngazi na watu wananipita. Mfereji mkuu unapopinda. Mshipa mkuu wa damu, unapotoka moyoni na kupinda. Linazunguka hapo. Ndicho kile kitu, nilichokisoma mara ishirini.

"Na kulia, shangazi? Kulia hakuna kijia?"

"Kipo. Lakini hicho hakikufika huko chini, kimegeukia juu, kwenye mfereji mdogo. Wewe umejuaje?"

"Halafu yenyewe ikaendelea wapi?"

"Ikaendelea chini tu, kila penye kitu imepita. Nakiete, mimi siwezi kuacha watu waione hivi. Nachukua jembe sasa hivi nainyoosha."

Mlango wa chumba cha mtihani ukafunguliwa. Dokta Mwambene akatoa kichwa, akasoma jina langu kwenye karatasi, akanitazama mimi na simu yangu.

"Shangazi," nikasema, nikiwa naingia, "naomba usiiguse hiyo ngwe mpaka saa tisa."